Eti "tupigie wimbo wa dakika tatu tuuweke kwenye gemu"

Naandika hii ili siku nikitumiwa tena ile meseji nisijibu, nimpe mtu asome kwanza. Napiga muziki wa magemu hapa Dodoma, wateja wangu wengi ni timu za watu wawili watatu, vijana wa UDOM, chuo kikuu cha hapa, au waliomaliza juzijuzi, mmoja anaandika kodi (code, maagizo ya kompyuta), mwingine anachora, hela hamna, na hilo wala sio tatizo, huwa tunaelewana. Kinachonimaliza ni hii: "Kaka, gemu tumeshamaliza, bado muziki tu, tupigie wimbo mmoja mkali wa dakika tatu hivi tuuweke."

Haya. Wimbo una intro, una veso, una kiitikio, na unajua unaisha lini. Mchezaji hujui atamaliza lini. Mmoja anapita levo kwa dakika moja na nusu, mwingine anakwama saa nzima anakufia palepale darajani, sasa wimbo wako mkali unafifia taratibu, kimya, afu intro inaanza upya wakati mwenzio kazungukwa na fisi. Ikijirudia hivyo mara kadhaa anazima sauti, na akishazima harudishi, hata kama umelipia gitaa la moja kwa moja.

Muziki wa gemu unapangwa kwa hali. Tuseme gemu lenu ni la dogo anayechunga ng'ombe huko pembeni ya Chamwino. Kuna hali ya malisho, kuna fisi yuko karibu, kuna fisi kavamia, kuna jua limezama na ng'ombe mmoja haonekani. Mimi hapo napiga kipande kimoja cha baa 24 za mapigo manne manne, kwa BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika), ni sekunde 64, kisha nakigawa leya, yaani matabaka ya sauti: limba (kile kinanda cha vidole gumba) peke yake, manyanga, ngoma, zeze. Zote zina urefu uleule, zinaanza pamoja na zinazunguka pamoja muda wote, ila ngoma na manyanga sauti yake iko sifuri mpaka fisi asogee. Kodi inapandisha sauti ya leya, basi, mchezaji anahisi hatari kabla hajamwona fisi. Wala sio uchawi mpya, Space Invaders ya 1978 ilikuwa na noti nne tu zinazozidi kwenda mbio kadiri maadui wanavyozidi kasi na watu walitoka jasho.

Sasa umeona kwa nini "bado muziki tu" inanichosha? Lazima mtu wa kodi aweke sehemu inayosema fisi yuko umbali gani, na hiyo kazi haifanyiki usiku wa kuamkia kutoa gemu. Injini ya kutengenezea gemu ya Godot kuanzia toleo la 4.3 ina vitu vya kupiga leya pamoja na kuhamisha muziki kwa kufuata baa, ukitumia injini ya Unity kuna FMOD, programu ya sauti za gemu, timu ndogo inaitumia bure kwa masharti yao, yasomeni. Niiteni mapema, hata kama ng'ombe bado ni maboksi ya rangi ya kahawia.

Na jamani MP3. Kila nikituma faili za WAV, sauti nzima isiyobanwa, kuna mtu anazigeuza MP3 "zipungue uzito" halafu ananipigia eti lupu yako, kile kipande kinachojirudia, inakatakata. Lupu yangu iko sawa! MP3 inakata sauti vipande vya sampuli 1152 (vipimo vidogo vidogo vya sauti), kipande cha mwisho kisipojaa kinajazwa ukimya, na mwanzoni enkoda, programu inayobana sauti, inaongeza ukimya wake, ndo hiyo kwikwi unayoisikia. Tumia OGG, nayo ni nyepesi vilevile, WAV ya stereo ya kawaida inakula kama MB 10 kwa dakika na OGG ya kbps 128 inakula kama MB 1, mtu anayedownload kwa bando atakushukuru. Na kwa wale mnaojipigia wenyewe: mwangwi wa noti ya mwisho usiukate. Rudia kipande mara mbili kwenye programu yako, toa sauti yote, afu chukua mzunguko wa pili tu. Mkia wa mwangwi unakuwa tayari umeingia mwanzoni. Hii naisema kila siku na hakuna anayenisikiliza.

Meseji nyingine ninazotumiwa nitazipitia haraka.

"Zeze limetoka nje ya tyuni, lipitishe autotyuni." Hapana na usinitanie. Muziki wa Kigogo unafuata sauti za asili za uzi unaotetema, ile ya harmoniki ya 7 (uzi ukitetema mara saba ya kasi yake ya msingi) inakaa chini ya noti ya kinanda kwa karibu senti 31, yaani kama theluthi ya nusu toni. Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alizunguka dunia na sauti hiyohiyo. Kinachotakiwa kurekebishwa ni kinanda chako, kishushe kifuate limba, au kitoe kabisa.

"Muziki wa jadi hauna mwenyewe, tukamrekodi tu babu kijijini." Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawatambua wapigaji na ina sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi. Babu anaombwa, analipwa, anaandikwa jina.

"Tumetoa YouTube, imeandikwa no copyright." Leseni yake umeisoma? Kuna za Creative Commons, leseni za kuruhusu watu watumie kazi yako kwa masharti, zinazotaka umtaje mtunzi, kuna zinazokataza biashara. Gemu likishauzwa shilingi mia tano tu hiyo ni biashara.

"Muziki usinyamaze hata kidogo." Minecraft inakaa kimya muda mrefu kabisa kabla ya kipande kingine kuanza, na watu wanaipenda hivyohivyo. Acheni upepo usikike, Dodoma upepo tunao.

"Ongeza besi." Gemu linachezwa kwenye spika ya simu, sauti nzito za chini ya hezi 150 hivi hapo husikii kitu. Mimi naiongezea ngoma ule mlio wa juu, wa mkono kugonga ngozi, na nasikilizia kwenye simu ya bei rahisi kabla sijatuma.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza bei nitumie video ya gemu likichezwa, hata kama haina sauti, hata ya kurekodi kwa simu, uniorodheshee hali zote zilizomo, uniambie mnatumia injini gani na gemu zima lisizidi MB ngapi. Neno "mkali" usiliweke, halinisaidii kitu.