Tuzo na sifa za mwongozaji: yanayosemwa na yalivyo

"Mwongozaji huyu ameshinda Emmy, kwa hiyo tamthilia nzima ni kazi yake." Hili linarudiwa kila msimu wa tuzo, na si kweli. Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya uongozaji wa tamthilia hutolewa kwa sehemu (episode) moja tu. Mwaka 2016 Miguel Sapochnik aliipata kwa "Battle of the Bastards", sehemu moja ya Game of Thrones. Nyingi za msimu ule ziliongozwa na wengine. Tamthilia bora ni tuzo tofauti, na wanaopanda jukwaani kuipokea ni watayarishaji.

Ratiba ndiyo inayolazimisha waongozaji kupokezana. Mmoja akiwa lokesheni, mwenzake anaandaa sehemu inayofuata, na wa tatu yuko kwenye uhariri. Sehemu ya saa moja hupata takriban wiki moja ya maandalizi na siku 8 hivi za kurekodi. Baada ya hapo, mkataba wa chama cha waongozaji wa Marekani, DGA, humpa mwongozaji siku 4 za kuhariri toleo lake. Zikiisha, anakabidhi kazi, na mtayarishaji mkuu, ambaye mara nyingi ndiye mwandishi, anaweza kuondoa onyesho lolote. Waigizaji wakuu na mwonekano wa picha alivikuta vimeshaamuliwa. Mwenye uzito wa pekee ni aliyeongoza sehemu ya kwanza kabisa, kwa kuwa wote wanaokuja baadaye hufuata mtindo wake.

Basi tafadhali, kwenye wasifu na kwenye habari andikeni "aliongoza sehemu ya 3 na ya 4 za msimu wa 2". Tazameni jina linaloandikwa kwenye kila sehemu. Kumwona mtu ameorodheshwa kama mtayarishaji mtendaji hakuthibitishi kwamba aliongoza hata sehemu moja.

"Filamu Bora ya Oscar ni tuzo ya mwongozaji." Hapana, ni ya watayarishaji. Mwaka 1999 Steven Spielberg alishinda Oscar ya uongozaji kwa Saving Private Ryan, lakini Filamu Bora ikawa Shakespeare in Love. Mwaka 2013 Argo ilishinda Filamu Bora; Ben Affleck, aliyeiongoza, hakuteuliwa hata kuwania uongozaji. Sanamu aliipata kama mtayarishaji.

"Nchi imeipeleka filamu ya mwongozaji huyu, kwa hiyo ameteuliwa Oscar." Bado. Kila nchi hupeleka filamu moja kwenye kipengele cha filamu ya kimataifa, zinachujwa hadi 15, kisha 5. Hizo 5 pekee ndizo zilizoteuliwa.