Je, wajua kwa nini FORD (Forum for the Restoration of Democracy), chama cha upinzani cha Kenya, ilivunjika miezi michache kabla ya uchaguzi wa urais wa 1992?

Tarehe 29 Desemba 1992, Wakenya walipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa urais ulioshindaniwa na vyama vingi. Rais Daniel arap Moi wa chama tawala, KANU, alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura. Kenneth Matiba wa FORD-Asili alipata asilimia 26, Mwai Kibaki wa chama cha DP asilimia 19, naye Jaramogi Oginga Odinga wa FORD-Kenya asilimia 17. Zaidi ya kura sita katika kila kumi zilimkataa aliyetangazwa mshindi, na wawili kati ya walioshindwa walikuwa, hadi miezi michache kabla ya siku hiyo, viongozi wa chama kimoja, FORD. Kilivunjikaje?

Jibu linalotolewa haraka ni ukabila na uroho wa madaraka. Yote mawili yalikuwapo, wala sitayakana. Hata hivyo, ukabila na tamaa huwamo katika vyama vingi ambavyo havivunjiki, kwa hiyo havitoshi kueleza kwa nini hiki kilivunjika wakati kile na kwa namna ile. Naandika nikiwa mtu wa msimamo wa wastani katika siasa, yaani mmoja wa wale ambao kila kampeni inapokaribia huambiwa na wenye msimamo mkali wa pande zote kwamba wanachelewesha mambo. Ninavyoona mimi, FORD ilivunjwa kwanza na pengo la utaratibu, na tamaa za watu zikapitia humo.

FORD ilianzishwa Agosti 1991 ikiwa kikundi cha shinikizo, si chama. Waanzilishi wake walikuwa sita: Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, Ahmed Bamahriz na George Nthenge. Walikuwa wachache kwa makusudi, kwa kuwa sheria ilihesabu kundi la watu kumi au zaidi kuwa jumuiya inayopaswa kusajiliwa, na serikali ya wakati huo isingeisajili. Walichokubaliana kilikuwa kimoja na kilikuwa wazi: kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee cha kisheria, kiondolewe. Kifungu hicho kiliondolewa Desemba 1991. Ghafla kikundi kilichoundwa kwa ajili ya kupinga kikageuka chama kinachotaka kutawala, kikapokea maelfu ya wanachama na wanasiasa waliohama KANU, kabla ya kuamua swali la kwanza ambalo chama chochote cha aina hiyo hulazimika kulijibu: nani atakuwa mpeperusha bendera, yaani mgombea urais wake, na atapatikana kwa njia gani?

Swali hilo liliachwa hadi majina yalipokwisha kujulikana. Mei 1992 Matiba alirejea kutoka London, alikokuwa akitibiwa kiharusi kilichompata akiwa kizuizini, akapokelewa Nairobi na umati mkubwa mno. Tangu siku hiyo kila pendekezo la utaratibu lilipimwa kwa kuuliza litamfaa nani. Upande wa Matiba na Shikuku ulitaka wanachama wote wapige kura moja kwa moja kumchagua mgombea. Upande wa Odinga, uliokuwa na wanasheria na wanasiasa wa kizazi kipya kama Paul Muite, James Orengo na Raila Odinga, ulishikilia uchaguzi wa kupitia wajumbe. Watu wakaanza kuziita pande hizo kwa majina ya majengo yenye ofisi zao, Agip House kwa upande wa Odinga na Muthithi House kwa upande wa Matiba, na kufikia Oktoba kulikuwa na vyama viwili vilivyosajiliwa.

Ukizisikiliza hoja zao bila kuangalia nani anazitoa, utaona kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Kura ya wanachama wote ni ya kidemokrasia zaidi, lakini chama kilichokuwa na umri wa miezi michache hakikuwa na daftari la wanachama la kutegemewa, kwa hiyo ni vigumu kusema nani angezuiwa kupiga kura na nani angeruhusiwa. Wajumbe ni watu wanaojulikana na wanaoweza kuhesabiwa, lakini kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kuwashawishi na hata kuwanunua. Njia yoyote kati ya hizo mbili ingeweza kukubalika Januari 1992. Kufikia Agosti, hakuna iliyoweza kukubalika, kwa kuwa kuikubali kulikuwa sawa na kumkabidhi mpinzani ushindi. Mwezi huohuo wa Agosti Muliro, mmoja wa wazee waliokuwa bado wanaheshimiwa na pande zote, alifariki dunia alipokuwa akirejea nyumbani kutoka London.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaohubiri umoja wakati wa kampeni. Mara nyingi wito wa umoja hutolewa kwa mtu ambaye tayari ameonewa, akitakiwa anyamaze kwa faida ya chama. Anayeulizia hesabu ya kura za mchujo huitwa msaliti, na anayetaka ilani ijadiliwe huambiwa asubiri hadi baada ya ushindi. Umoja wa namna hiyo KANU ilikuwa nao mwaka 1992, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kushindana na Moi ndani ya chama. Ulikuwa utiifu kwa mtu mmoja, na ulipokosa mtu huyo kuwa mgombea mwaka 2002, ulivunjika katika muda mfupi.

Haimaanishi kwamba wenye msimamo wa kati walikaa tu wakitazama. Wangari Maathai, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, aliongoza mwaka 1992 kundi lililoitwa Middle Ground Group, lililojaribu kuwaleta pamoja viongozi wa upinzani ili wakubaliane juu ya mgombea mmoja. Hawakufanikiwa. Nawaheshimu kwa kujaribu, lakini walianza kazi ambayo muda wake mzuri ulikuwa umepita, kwa kuwa mpatanishi asiye na kitu cha kumhakikishia anayeombwa kujiondoa hubaki na maombi tu. Mwaka 1997 Maathai mwenyewe aligombea urais, katika uchaguzi ambao Moi alishinda tena kwa takriban asilimia 40 huku kura za upinzani zikigawanyika kwa Kibaki, Raila Odinga, Michael Kijana Wamalwa, Charity Ngilu na wengine.

Tuwe waangalifu na hesabu, hata hivyo. Si haki kujumlisha kura za Matiba, Kibaki na Odinga na kusema kwamba mgombea mmoja angezipata zote. Baadhi ya waliompigia Matiba katika Mkoa wa Kati wasingempigia Odinga, na kinyume chake. Pia sheria iliyorekebishwa mwaka huo ilimtaka mshindi apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, bila duru ya pili kati ya wawili wa kwanza iwapo hakuna aliyevuka nusu. Masharti hayo yalimfaa aliyekuwa na utawala wa mikoa, redio ya taifa na fedha nyingi mkononi. Noti ya shilingi 500 ilipewa na wananchi jina la Jirongo, kwa sababu ya Cyrus Jirongo, kiongozi wa YK'92 (Youth for KANU '92), kundi la vijana waliomfanyia Moi kampeni. Mgombea mmoja wa upinzani angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Lakini asingekuwa na hakika ya kushinda.

Hakika ilikaribia mwaka 2002. Kibaki, Wamalwa na Ngilu walikaa mapema, wakapatana kwamba Kibaki agombee na wenzake waahidiwe nyadhifa za juu. Moi alipomteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi wake, kundi la Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na George Saitoti lilihama KANU, na tarehe 14 Oktoba, katika bustani ya Uhuru, Raila akatamka maneno ambayo Wakenya hawajayasahau: Kibaki tosha. Muungano wa NARC, uliounganisha makundi hayo mawili, ulishinda kwa asilimia 62, ingawa mgombea wake alikuwa ameumia katika ajali ya gari mapema mwezi Desemba na hakuweza kukamilisha kampeni mwenyewe.

Ushindi huo ulikuwa na kasoro yake. Mkataba wa maelewano kati ya makundi mawili makuu haukuwa na nguvu ya kisheria, na uliahidi wadhifa wa waziri mkuu ambao Katiba ya wakati huo haikuwa nao. Wapiga kura walioombwa kuuamini hawakuwekewa masharti yake hadharani. Kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005 kuhusu rasimu ya Katiba mpya, mawaziri wa serikali moja walikuwa wakifanya kampeni wakipingana, wengine kwa alama ya ndizi (ndiyo) na wengine kwa chungwa (hapana), na chungwa likashinda.

Katiba ya 2010 sasa inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, la sivyo kuwe na duru ya pili, na sheria ya vyama ya mwaka 2011 inataka mikataba ya miungano iwekwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ni hatua nzuri. Lakini wagombea wa miungano mikubwa wameendelea kutokana zaidi na mapatano ya vinara, kisha wajumbe wakaitwa kuidhinisha jina moja. Daftari la wanachama lililohakikiwa, pamoja na kanuni za uteuzi zilizopitishwa kabla ya jina lolote kutajwa, ndivyo ninavyoviona bado vinakosekana, na wakati wa kuvidai ni kabla ya kampeni, anayeuliza akiwa bado hajaitwa msaliti.