Waya wa spika wa bei ghali: unalipia nini hasa?

Ukishanunua amplifaya nzuri kwenye maduka ya Kampala, muuzaji hakosi kukutolea waya mnene wenye ncha za dhahabu na kukuambia kwamba bila huo spika hazitalia vizuri.

Kazi ya waya wa spika ni kupitisha umeme kutoka amplifaya hadi spika bila kuupoteza njiani. Kinachoupoteza ni ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita (hupimwa kwa omu), nao hutegemea urefu wa waya, unene wake na madini yaliyomo. Chukua waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, unene uleule wa nyaya za soketi za nyumbani. Meta tano kwenda na tano kurudi zina ukinzani wa takriban omu 0.07. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8. Kinachopotea hakifiki asilimia 1, na sikio halikigundui. Ukitumia mwembamba wa 0.75, ukinzani unafika omu 0.23, na kwa spika ya omu 4 hapo upotevu unaanza kuonekana. Basi nunua mnene zaidi. Mnene, si wenye jina kubwa.

Ile "shaba isiyo na oksijeni" wanayoisifia kwenye nyaya ghali haiipiti shaba ya kawaida ya umeme kwa kupitisha umeme hata kwa asilimia 2. Dhahabu nayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba. Sifa yake ni kutoshika kutu, basi.

Ulaghai ninaouogopa mimi uko kwenye waya wa bei rahisi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya ule wekundu, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, na ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Unafaa ukiuchukua mnene, ila usiulipie bei ya shaba.

Wapo wanaoapa kwamba wamesikia tofauti. Sawa, mtu mwingine awabadilishie waya nyuma ya kabati kimyakimya, kiwango cha sauti kisiguswe, wabashiri mara kumi ni upi unaolia.

Hela iliyobaki, kwa umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, ingenunua stabilaiza. Na kama besi imepwaya, tazama kwanza alama za + na − nyuma ya spika zote mbili: moja ikifungwa kinyume, spika zinavutana na besi inapotea. Kurekebisha hapo hakugharimu kitu.