Fahirisi h ya mtafiti wa jenetiki husomwaje?

Ukifungua wasifu wa mtafiti kwenye Google Scholar, mtandao wa kutafutia makala za kitaalamu, pembeni utaona jumla ya mara alizonukuliwa na wenzake, na chini yake fahirisi h. Hiyo ya pili ndiyo huulizwa mtu anapoomba ruzuku au kupandishwa cheo, na ndiyo isiyoeleweka vizuri.

Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtafiti ana h ya 5 ikiwa makala zake 5 zimenukuliwa angalau mara 5 kila moja. Tuseme yuko mtafiti wa jeni za mihogo pale Namulonge, kituo cha utafiti wa mazao nchini Uganda, mwenye makala 7, zilizonukuliwa mara 60, 21, 9, 6, 5, 4 na 1. Hesabu kutoka juu: ya tano ina 5, imetosha, ya sita ina 4, imepungukiwa. Basi h yake ni 5. Ile ya 60 hata ikifika 600, yeye atabaki palepale. Ndivyo Hirsch alivyotaka: kazi moja iliyovuma isimbebe mtu, wala rundo la makala zisizosomwa na yeyote.

Kwenye jenetiki, hata hivyo, kipimo hiki huyumba, kwa sababu kazi kubwa hufanywa na watu wengi. Mwaka 2019 jarida la Cell lilichapisha utafiti wa jenomu (DNA yote ya mtu) za Waganda na jamii nyingine za vijijini, kutoka Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda. Sampuli zilikuwa za watu wapatao 6,400, na karibu 2,000 kati yao walisomewa jenomu nzima. Orodha ya waandishi ni ndefu, na kila nukuu huhesabiwa kwa kila mmoja wao, aliyeandika na aliyesaidia kidogo sawasawa. Ndiyo maana mimi huanza na nafasi ya jina kabla ya kutazama h. Kwa desturi ya fani hii, wa kwanza ndiye aliyeibeba kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Mtu mwenye h kubwa ambaye jina lake limekaa katikati miaka yote anastahili kuulizwa maswali. Ila tuwe waadilifu: watafiti wengi wa Afrika wameachwa katikati hapo si kwa uvivu, bali kwa sababu waliokusanya damu vijijini na waliochambua data ng'ambo hawakugawana heshima kwa usawa.

Muda nao una yake. Makala ya kwanza ya kueleza virusi vya Zika, vilivyopatikana mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, ilitoka mwaka 1952. Kwa miongo kadhaa ilinukuliwa kwa nadra. Mlipuko wa Brazili wa 2015 ndio uliofanya dunia nzima iitafute. Makala yenyewe haikubadilika hata neno moja. Kijana aliyemaliza shahada ya uzamivu juzi akilinganishwa kwa h na profesa wa miaka thelathini, hapo hapana kipimo, ni umri tu.

Kisha kuna suala la majina, ambalo huku kwetu lina uzito wake. Waganda wengi hawarithi jina la ukoo kutoka kwa baba. Mtoto pacha wa kiume wa Kiganda ataitwa Wasswa au Kato, wa kike Babirye au Nakato, awe wa nyumba yoyote. Mtu huyohuyo leo anaandika jina la dini mwanzoni, kesho mwishoni. Akiolewa, huenda akaongeza la mume. Kompyuta ikiona "J. Okello" hutupa kazi za watu wanne kwenye kapu moja, au humgawa mtu mmoja mara tatu. Kwa hiyo kabla ya kuamini h ya mtu, pitia orodha ya makala uone kama zinafanana: mtaalamu wa jeni za malaria hawezi kuwa ndiye aliyeandika kuhusu bei ya matooke, yaani ndizi za kupika. Na wewe unayeanza, chagua mpangilio mmoja wa jina, kisha jisajili ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti iliyoanza kutolewa mwaka 2012, uiweke kwenye kila makala unayotuma.

Na usilinganishe h ya Google Scholar na ya Scopus, hazina nyingine ya makala inayohesabu nukuu. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, kwa hiyo kwa kawaida huwa kubwa zaidi.