Kwa nini fundi huuliza nembo kabla ya kutaja bei ya fulana

Kila mwaka Mei Mosi inapokaribia, simu yangu hapa Kariakoo haipumziki, na swali ni lile lile: fulana mia moja zenye nembo ya ofisi ni shilingi ngapi? Mteja huona kama ninamzungusha ninapomwomba kwanza anionyeshe nembo na kunieleza fulana zitavaliwa na nani na kwa kazi gani, lakini bila majibu hayo bei nitakayomtajia itakuwa ya kubahatisha.

Katika kuchapa kwa skrini, kila rangi ya nembo hutengenezewa fremu yake ya wavu, ambayo hupakwa dawa inayogandishwa na mwanga, kisha sehemu yenye umbo la nembo huoshwa ili wino upite hapo tu. Nembo ya rangi nne ni fremu nne, iwe unachapa fulana kumi au mia mbili, na ndiyo sababu anayechapa kumi hulipa zaidi kwa kila moja.

Hesabu ya kudarizi ni nyingine, kwa kuwa kinachopimwa ni idadi ya mishono. Nembo ya kifuani yenye upana wa sentimita 9 inaweza kufikisha mishono 8,000. Mashine ya kichwa kimoja ikishona mishono 800 kwa dakika, kila fulana itakaa dakika 10, na fulana mia moja zitachukua karibu saa 17, mbali na muda wa kubadilisha nguo, uzi kukatika na umeme kukatika. Anayeniletea oda hiyo tarehe 29 Aprili ninamshauri achape. Aidha, kabla mashine haijaanza, picha ya nembo lazima ibadilishwe kwenye kompyuta kuwa ramani ya mishono. Kazi hiyo hulipiwa mara moja, hivyo omba faili lako ulitunze, maana wateja wengi huja kulipia upya kitu ambacho tayari walikuwa nacho.

Herufi zenye kimo cha chini ya milimita 5 hazidariziki vizuri. Namba ya simu iliyobanwa chini ya nembo hugeuka vifundo vya uzi visivyosomeka, na fulana nyepesi ya gramu 140 kwa mita ya mraba hukunjamana kuzunguka mishono hata ikiwekewa karatasi ya kushikilia kwa ndani. Kudarizi kunafaa fulana nzito za kola, zile tunazoziita fomu siksi, pamoja na kofia na ovaroli. Binafsi hupenda kuchanganya: nembo kifuani kwa uzi, maneno ya mgongoni kwa wino.

Kitambaa nacho kina mambo yake, na mimi nilijifunza kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilichapa maandishi meupe kwenye jezi nyekundu za poliesta kwa ajili ya bonanza; jioni yalikuwa meupe, lakini kesho yake asubuhi yalikuwa ya waridi. Wino wa kawaida wa plastisoli hukomazwa kwa joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi, na joto hilo huigeuza rangi ya poliesta kuwa mvuke unaopenya ndani ya wino. Siku hizi hutumia wino unaokomaa kwa joto dogo zaidi, tena juu ya tabaka la kijivu linalozuia rangi isipande. Kwa pamba shida hiyo haipo, nayo hunyonya jasho la Dar es Salaam vizuri zaidi.

Kabla ya kuruhusu kazi yote, dai sampuli moja kwenye kitambaa chenyewe. Ivute kidogo: wino ukipasuka, haukukomazwa vya kutosha. Ifue, ikauke, uitazame tena juani. Pia orodha ya saizi iandikwe kwa majina ya wavaaji, na kila mmoja ajaribishe fulana tupu, kwa sababu duka la jumla halipokei fulana iliyokwisha kupigwa nembo.