Ile miezi sita ya kimya: sikoseli inavyojificha kwa mtoto, na dawa zake zilivyotoka humohumo

Asubuhi moja alikuja kliniki mama kambeba mgongoni mtoto wa kike wa miezi nane, na kabla hata hajakaa akaifungua mikono ya mwanawe anionyeshe. Migongo ya mikono yote miwili imeumuka kama maandazi, ukigusa tu mtoto analia mpaka anakosa pumzi, na nyayo nazo hivyohivyo. Walikuwa wameshahangaika wiki mbili. Sehemu moja waliambiwa kaumwa na mdudu, sehemu nyingine wakapewa dozi ya malaria, na nyumbani bibi akasema lazima dada wa kazi kamdondosha mtoto anaficha, dada wa watu akafukuzwa. Nikamuuliza, mama, alipozaliwa alikuwaje huyu? Akanijibu bila kufikiri, daktari, alikuwa mzima kabisa, kanona, hajawahi kuumwa hata mafua mpaka alipoingia mwezi wa sita.

Hilo jibu nimelisikia mara nyingi sana kwa wazazi, na ndo limenifanya nikae niandike, manake ndani yake mna siri nzima ya sikoseli, na dawa zinazovuma zaidi siku hizi, kuanzia kidonge cha kila siku mpaka ile tiba ya kuhariri vinasaba inayouzwa mabilioni, zimetokana na hichohicho alichokisema mama, kwamba mtoto alikuwa mzima miezi sita ya mwanzo.

Tuanze na damu yenyewe. Chembe nyekundu ya kawaida ni ya duara, laini, inajikunja inapita hata kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, na inaishi kama siku 120. Ndani yake imejaa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Mwenye sikoseli himoglobini yake ina kosa moja dogo mno, herufi moja tu ya kinasaba imebadilika, basi ikishaachia oksijeni zile himoglobini zinashikana zenyewe kwa zenyewe kama vijiti, zinaivuta chembe inakuwa na umbo la mundu, mundu huuhuu wa kuvunia mpunga, na ndo maana kwa Kiswahili tunaita selimundu. Chembe ya hivyo haikunjiki. Inakwama kwenye mishipa midogo, nyuma yake zinakwama nyingine, mfupa unakosa oksijeni, na hapo ndo maumivu yanapoanza, yale ambayo mtu mzima na akili zake anagaragara sakafuni. Na chembe zenyewe zinakufa baada ya siku 10 mpaka 20 tu, kwa hiyo mtoto damu inamuishia kila mara, macho yanakuwa ya njano.

Sasa kwa nini miezi sita ya mwanzo hakuna kitu? Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini ya aina nyingine kabisa, sisi tunaiita himoglobini ya kichanga, na ile haina kosa. Akizaliwa bado amejaa nayo. Halafu mwili pole pole unaizima, unawasha ile ya kikubwa, na ile ya kikubwa ndo mbovu. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona kwamba vichanga wenye sikoseli hawaumwi na chembe zao hazigeuki mundu kirahisi kama za mama zao, akasema bila shaka ni hiyo himoglobini ya kichanga inawalinda. Wakati huo hakuna aliyejua kinasaba kinafananaje, yeye aliangalia tu watoto kwa makini. Baadaye ikaonekana pia kuna watu wazima wachache, Saudi Arabia kwa mfano, wana sikoseli lakini himoglobini ya kichanga haikuzimika yote, na hao ugonjwa wao ni mwepesi. Kwa hiyo swali likawa moja: tunaiwashaje tena ile iliyozimika?

Kabla sijafika kwenye dawa, naomba nikae kidogo kwenye kipimo, manake hapa ndo watoto wetu wengi wanapopotelea. Tanzania inakadiriwa kila mwaka wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye sikoseli, tupo kwenye nchi za juu kabisa duniani, pamoja na Nigeria, Kongo na India. Na bila matunzo, Afrika zaidi ya nusu ya watoto hawa walikuwa hawafiki miaka mitano. Wengi hawauawi hata na yale maumivu, wanauawa na homa, manake bandama inaharibika mapema, na bandama ndo mlinzi wa damu, basi kijidudu cha nimonia ambacho mtoto mwingine angekitoa kwa makohozi, huyu kinammaliza kwa siku moja. Mama anasema mtoto kaamka na homa, mchana hayupo. Jina la ugonjwa hata halikuwahi kutajwa.

Penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku inazuia hilo. Hii tunaijua tangu 1986, utafiti wa Marekani ulionyesha maambukizi makali yakipungua kwa asilimia 84 kwa watoto waliopewa penisilini, wakausimamisha kabla ya muda kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Penisilini sio dawa ghali. Lakini utampaje mtoto ambaye hujui kama anaumwa? Ndo maana kipimo inabidi kifanyike wakati ule wa kimya, mtoto akiwa mzima ananyonya vizuri, na hapo ndo mzazi anakushangaa, mbona unanipimia mtoto mzima?

Siku hizi kuna vipimo vya papo kwa papo, na nawaambia ukweli, mara ya kwanza nilivyokitumia moyo ulinidunda. Unamchoma mtoto kisigino, tone moja dogo, dogo kuliko punje ya mchele, unalichanganya kwenye kichupa cha maji yake, unadondosha matone kwenye kikaratasi kama kile cha kipimo cha mimba au cha malaria, unasubiri dakika chache. Inatokea mistari. Mmoja ni wa himoglobini A, ile nzuri, mwingine wa S. Ukiona A peke yake mtoto yuko salama, A na S ni mbebaji, yaani ana S lakini haumwi, S bila A huyo ni mgonjwa, anaanza penisilini mapema na majibu yake yanathibitishwa maabara kubwa. Hakuna umeme, hakuna mashine ya mamilioni, na kinafanyika hata zahanati. Kabla ya hapo sampuli ilikuwa inasafiri mpaka mjini, majibu yanarudi mama ameshahama au namba ya simu haipatikani.

Ila angalieni hapa. Maabara nyingi bado zinafanya kile kipimo cha zamani kinaitwa sikling. Kile kinakuambia tu kuna S kwenye damu, hakikuambii kama mtu ni mbebaji au ni mgonjwa, na kwa mtoto chini ya miezi sita kinaweza kusema hana wakati anayo, sababu ni ileile himoglobini ya kichanga imemficha. Nimeshaona wazazi wamekaa na karatasi ya "hana sikoseli" mwaka mzima. Na mtoto aliyeongezewa damu karibuni naye majibu yanadanganya, unapima damu ya aliyechangia. Kwa hiyo ukipewa majibu uliza, ni kipimo gani hiki? Ni haki yako.

Haya, dawa. Haidroksiyurea, kile kidonge cha kila siku, ilikuwa dawa ya saratani, hilo ni kweli na sifichi, na ndo chanzo cha uvumi wote mnaousikia, mtoto atakatika nywele, hatazaa, unamlisha mwanao dawa ya kansa. Kwenye miaka ya 80 madaktari waligundua kwamba kwa dozi ndogo inafanya uloto, ile sehemu laini ndani ya mfupa inayotengeneza damu, urudie kutengeneza himoglobini ya kichanga. Yaani inamrudisha mtu kwenye ile miezi sita yake. Marekani wakaipitisha kwa watu wazima wenye sikoseli mwaka 1998. Sisi Afrika tulibaki nyuma kwa hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kijinga, tulikuwa tunajiuliza kama dawa inashusha chembe nyeupe, wale askari wa mwili, si itawamaliza watoto wetu kwa malaria na maambukizi?

Jibu lilikuja Desemba 2018. Utafiti unaitwa REACH, ulifanyika Kilifi Kenya, Mbale Uganda, Kinshasa na Luanda, watoto 606 walianza dawa. Nawapa namba manake ni nzuri mno kuziacha. Ukichukua watoto 100 kwa mwaka mmoja, kabla ya dawa matukio ya maumivu yalikuwa 98, baada ya dawa yakawa kama 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 mpaka 14. Vifo kutoka karibu 4 mpaka 1. Na malaria, hiyo tuliyokuwa tunaiogopa, ilishuka kwa nusu, kutoka 47 mpaka 23. Wenzetu wa Kampala nao wakaonyesha kwamba dozi ikipandishwa taratibu kulingana na mwili wa mtoto inafanya kazi vizuri zaidi kuliko kuiacha palepale chini, na hili naliona sana kliniki, mtoto alianzishwa kidonge akiwa na kilo 10, leo ana kilo 19 na bado anakunywa kilekile, halafu mzazi ananiambia dawa haifanyi kazi. Inafanya kazi mama, mtoto amekua, dozi haikukua naye.

Nywele kukatika kwa dozi hizi sio jambo la kawaida. Kinachotakiwa ni kupima FBP, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kila baada ya muda tuone chembe nyeupe hazijashuka sana, zikishuka tunasimamisha kidogo zinapanda zenyewe. Wanaume wanaotaka mtoto na wanawake wanaopanga mimba waje tuongee kabla, hapo kuna tahadhari zake na sitaki mtu ajiamulie nyumbani.

Sasa ile tiba kubwa iliyotikisa dunia. Mwaka 2008 wanasayansi waliokuwa wanachunguza damu za watu wa kisiwa cha Sardinia, Italia, pamoja na wengine, walikipata kinasaba kinachofanya kazi ya swichi, kinaitwa BCL11A, ndo kinachozima himoglobini ya kichanga. Na sisi hatukukaa pembeni, mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa hapa Tanzania, wa Muhimbili, ukaikuta swichi hiyohiyo kwenye damu zetu. Basi likaja wazo, kwa nini tusiiharibu hiyo swichi? Wanatoa seli mama za damu za mgonjwa, wanazipeleka maabara, wanakata kwa kutumia mkasi wa vinasaba unaoitwa CRISPR, ule uliowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier tuzo ya Nobel mwaka 2020, halafu mgonjwa anapewa dawa kali za kusafisha uloto wake wa zamani, anarudishiwa seli zake zilizohaririwa. Uingereza waliipitisha Novemba 2023, Marekani Desemba 2023, jina lake Casgevy. Kwenye majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali hata moja. Watu waliokuwa wanapata mashambulio makali mara mbili au zaidi kwa mwaka.

Nilivyosoma yale matokeo nilifurahi, na nilivyosoma bei niliumia. Dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5. Ugonjwa ambao wagonjwa wake wengi kabisa wako Afrika, tiba yake imewekwa mahali ambapo hawawezi kufika. Na sio bei peke yake, zile dawa za kusafisha uloto zinakulaza hospitali wiki nyingi na zinaweza kukuharibia uzazi. Naona kazi ya sayansi kwa miaka inayokuja ni kutafuta namna ya kuihariri ile swichi humohumo mwilini kwa sindano, bila kutoa seli wala kusafisha uloto, na utafiti huo umeshaanza. Mpaka ufike, tiba ya kuponya iliyopo hapa nyumbani ni kupandikiza uloto wa ndugu wa damu, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wameshaanza kuwafanyia watoto. Ila inabidi ndugu wa baba mmoja mama mmoja awe amefanana naye kwa vipimo, na kila ndugu ana nafasi 1 tu kati ya 4, wengi hawapati.

Jambo la mwisho linahusu lawama. Mtoto mwenye SS, yaani mgonjwa, amechukua S moja kwa baba na moja kwa mama, hakuna aliyemletea mwenzake. Wazazi wakiwa wabebaji wote, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, na kila mimba inaanza hesabu upya, usiseme tumeshapata mmoja basi watatu wanaofuata wako salama. Na kuwa mbebaji sio aibu, Anthony Allison aliyekulia Kenya alionyesha mwaka 1954 kwamba wabebaji wanakingwa dhidi ya malaria kali, ndo sababu Pwani na Kanda ya Ziwa tumejaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipopima vichanga walikuta karibu 1 kati ya 5 ni mbebaji.

Yule mama, mume wake hakuja kliniki mwaka mzima, alikuwa anasema kwao hakuna ugonjwa huo. Mwaka wa pili alikuja, tukampima, AS. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaomba yeye ndo afundishwe kumpa mtoto kidonge. Mtoto wa kwanza sasa yuko chekechea, mwaka jana hajaongezewa damu hata mara moja. Mdogo wake alizaliwa Machi, wakamleta akiwa na siku tatu, nikamchoma kisigino, baba kashika simu anahesabu dakika, na mistari ikatoka miwili, A na S. Wakaniuliza kwa pamoja, hiyo ndo nini? Nikawaambia ni kama nyinyi.