Samaki wa mvuke anataka moto mkali na dakika chache

Wengi ninaowafundisha upishi huja wakiamini kwamba kupika kwa mvuke ni mapishi ya mgonjwa: moto mdogo, kusubiri sana, ladha haba. Ndiyo maana samaki wao wa kwanza hutoka mkavu kama pamba. Wapishi wa Guangdong, kusini mwa China, ambako samaki huyu huliwa nyumbani na karamuni pia, hufanya kinyume. Maji hutokota kwa nguvu kwanza, samaki hukaa ndani kwa muda mfupi tu, kisha hutolewa.

Mvuke ukigusa samaki aliye baridi hugeuka tena kuwa maji, na katika kugeuka huko huachia joto lililoufanya uwe mvuke. Joto hilo ni jingi mno, ndiyo sababu kuungua kwa mvuke huuma kuliko mtu anavyodhani. Nyama ya samaki nayo huiva ikifika nyuzi 60 hivi tu. Ukimwacha zaidi ya hapo, unamkamua maji yake.

Chagua samaki mzima wa nyama nyeupe, wa gramu 600 hivi, aliye freshi kweli, kwa kuwa hapa hakuna viungo vya kumficha. Mparue magamba, mtoe matamvua, halafu fungua tumbo utazame kandokando ya uti wa mgongo. Kuna damu nyeusi iliyoganda pale. Ikwangue yote kwa ncha ya kijiko, maana shombo nyingi hutokea hapo. Mkaushe kwa kitambaa, mchanje mara mbili au tatu kila upande penye mnofu mnene. Kama alikuwa kwenye friji, mpe robo saa nje, asije akaiva ngozi huku mfupani bado mbichi.

Kwenye sahani tandika mabua ya vitunguu vya majani au vijiti viwili vya kulia, umlaze juu yake ili mvuke upite chini pia. Vipande vichache vya tangawizi juu na tumboni vinatosha. Huna chombo cha mvuke? Fudikiza kibakuli cha chuma ndani ya sufuria pana, weka sahani juu yake, hakikisha maji hayaifikii, funika vizuri.

Kwa uzito huo mimi huhesabu dakika 8, nazima moto, namwacha ndani dakika 2 bila kufunua. Pima kwa ncha ya kisu nyuma ya kichwa, pale palipo panene kuliko kwingine. Ikifika mfupani bila kukazwa na mnofu ukaachia, yuko tayari. Ukiona nyama bado inang'aa kama kioo, mrudishe dakika moja.

Sasa jambo ambalo watu hunibishia sana: maji yaliyojikusanya kwenye sahani mwaga yote. Wanasema ni supu. Mimi naona yamebeba shombo iliyomtoka samaki, na yakibaki yatazimua mchuzi. Toa pia tangawizi na vitunguu vilivyopikwa, vimekwisha kazi.

Mchuzi ni mwepesi: vijiko vitatu vya sosi ya soya, viwili vya maji ya moto, na kijiko cha chai cha sukari, upashe moto mpaka sukari iyeyuke. Usimwagie soya kabla ya kupika. Chumvi yake humtoa samaki maji, na harufu yake nzuri hupotelea kwenye mvuke.

Kisha mrundikie nyuzi mpya za tangawizi na vitunguu vya majani, zilizokatwa nyembamba na kukaushwa vizuri, la sivyo mafuta yatakurukia. Pasha vijiko vitatu vya mafuta yasiyo na harufu mpaka yaanze kufuka moshi kidogo, umwagie juu. Lazima usikie yakichachatika. Yakinyamaza, hayakuwa na moto wa kutosha na tangawizi itabaki na ukali wake mbichi. Mchuzi upitishe pembeni ya sahani, si juu ya samaki, ngozi ibaki safi.

Mlete mezani papo hapo, wali uwe umeshapakuliwa. Chini ya jicho, kila upande, kuna kipande kidogo cha mviringo cha nyama laini kuliko yote. Kichovye kwenye mchuzi kabla hakijapoa.